Barua ya wazi: Marehemu Tingatinga hakuchora mwaka 1974

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wadhamini,
Meneja wa Jumba,
na Mratibu wa Maonesho,
Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

YAH: MAONESHO YA KAZI ZA MABINGWA WA TANZANIA ZILIZOAZIMWA KUTOKA ULAYA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchongaji wa Mwenge, pale kwenye mabanda ya vinyago vya kuuza. Kazi nilifundishwa na baba yangu mdogo, na sasa nina wanagenzi wangu. Naandika kwa niaba yangu mwenyewe tu, ingawa yaliyomo humu tumeyazungumza sana pale mabandani, wengine kwa hasira kuliko mimi. Jina la jumba lenu silitaji. Wenyewe mnajijua, na nia yangu si kumchafua mtu. Nataka mambo yarekebishwe wakati kazi hizo bado ziko hapa nchini, maana zikishafungwa kwenye makasha na kupanda ndege, hakutakuwa na wa kumlalamikia.

Barua rasmi niliwaletea kwa mkono. Mapokezi walinigongea muhuri kwenye nakala yangu, ninayo. Jibu likaja kwa ujumbe wa simu kwamba maoni yangu yamefikishwa kwa wahusika. Nilipouliza wahusika ni akina nani, nikaambiwa ni mwenye mkusanyo huko Ulaya. Nikaomba kuonana na mratibu, nikaambiwa yuko kikaoni. Nadhani kikao hicho hakijaisha mpaka leo, ndiyo maana nimeamua kusema hadharani.

Kwanza niwape haki yenu. Kuzileta kazi hizi Dar es Salaam si jambo dogo. Mpingo uliokaa Ulaya miaka arobaini, kila majira ya baridi ukikaushwa na mashine za joto, ukiuleta ghafla kwenye unyevunyevu wa pwani unafura, na ukiurudisha kwenye ukavu unapasuka. Sisi hilo tunalijua bila kitabu. Gogo likifika kutoka porini tunalilaza kivulini na kuziba ncha zake kwa nta au rangi lisikauke kwa pupa. Kwa hiyo nilipoona makabati ya kioo, kiyoyozi na vile vipima unyevu vidogo mlivyovificha kwenye pembe, nilifurahi. Makumbusho makubwa ya dunia yamekubaliana kwamba unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 60, na joto kati ya nyuzi 16 na 25. Kulitimiza hilo mjini kwetu, umeme ukikatika na jenereta likinguruma, kuna gharama yake. Hapo sina ugomvi nanyi.

Na nimeona nilichokuwa sijawahi kukiona. Nimesimama mbele ya shetani, kinyago cha pepo, wa ule mtindo ulioanza na mchongaji Samaki Likankoa miaka ya 1950, nikainama, nikaona alama za tezo ambazo fundi aliziacha chini ya kwapa, mahali ambapo msasa ungefika kama angetaka ufike. Picha ya kitabuni haikuoneshi kitu hicho. Nilikaa pale mpaka mhudumu akaanza kunitazama vibaya.

Kwa hiyo msidhani anayelalamika ni mtu asiyependa maonesho haya. Malalamiko yangu ndiyo haya.

1. Vibao vyenu vina makosa, na wanaoweza kuyasahihisha wako mjini hapahapa.

Ukutani, mkono wa kushoto ukishaingia, kuna ubao wa futi 2 kwa 2: chui, mgongo umepinda, madoa yamepangwa kwa rangi ya baiskeli, na chini kulia sahihi ya E. S. Tingatinga. Kibao kinasema umechorwa mwaka 1974. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo wenye jina lake, alifariki mwaka 1972, kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, katika jiji hilihili. Aliyekufa hachori. Ama mwaka umekosewa, ama ubao si wake.

Kama ni mwaka, dawa yake ni kalamu. Kama ubao si wake, basi jambo ni zito, kwa sababu sahihi yake imeigwa sana tangu afariki, na ubao wenye jina lake hauuzwi bei moja na wa mwanafunzi wake. Alianza kuchora mwaka 1968. Miaka minne tu ya kazi, halafu basi. Kila mbao zenye jina lake zinavyozidi kuongezeka Ulaya, ndivyo mtu mwenye akili anavyopaswa kuuliza zaidi. Na wa kuulizwa wapo. Dar es Salaam bado kuna watu waliokulia ndani ya kundi lake, wanaoijua mikono ya akina January Linda, Adeusi, Mpata, Tedo na Ajaba, wale waliojifunza kwake. Hawatazami sahihi. Wanatazama jinsi mstari wa mgongo ulivyovutwa na jinsi rangi ya pili ilivyowekwa juu ya ya kwanza. Kuwaita ilikuwa nauli ya bajaji tu. Hamkuwaita.

Nilipomweleza kijana wa mapokezi habari ya mwaka 1974, alinijibu kwa adabu kabisa kwamba maandishi ni ya mwenye mkusanyo na hayaruhusiwi kuguswa. Yaani uongo umeazimwa pamoja na picha, na wenyewe mnautunza kwenye kiyoyozi.

Upande wa vinyago ndiko kulikoniuma zaidi. Kibao baada ya kibao: mchongaji asiyejulikana, Mmakonde, mpingo. Asiyejulikana kwa nani? Nilimwonesha mzee mmoja pale kwetu picha ya mojawapo kwenye simu. Hakuomba hata miwani. Akasema hiyo ni kazi ya shemeji yake, akataja gogo lilikotoka, akataja duka la mjini iliponunuliwa, na akalalamika kwamba mkono wa kulia wa kinyago ulivunjika na kuungwa vibaya. Nikarudi kutazama. Umeungwa kweli, gundi inaonekana. Kibao chenu hakisemi kitu kuhusu kuungwa huko, lakini mzee aliyekaa kwenye kigoda Mwenge alijua.

Historia ya kukosekana kwa majina haya inajulikana. Mafundi wengi walitoka nyanda za Mueda, Msumbiji, wakaja kwenye mashamba ya mkonge, baadaye wakachonga kwa ajili ya wanunuzi wa Dar es Salaam. Wafanyabiashara wengi hawakuandika jina la fundi. Waliouliza jina walilipata. Ndiyo maana tunamjua Samaki Likankoa, tunamjua Yakobo Sangwani, na ndiyo maana John Fundi alifika kwenye maonesho makubwa ya Paris mwaka 1989 akiwa na jina lake kamili. Kutoandikwa jina ulikuwa uzembe wa mnunuzi. Kibao chenu kinaubandika uzembe huo kwa fundi, kama vile aliishi bila kupewa jina na mama yake.

George Lilanga, aliyetutoka mwaka 2005, peke yake ndiye amepewa aya nzima. Hata hiyo aya imeisahau Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, alikofanya kazi ya ulinzi kabla dunia haijamjua.

2. Kigogo cha ujamaa mmekigeuza ubavu.

Kwa asiye mchongaji hili litaonekana dogo. Naomba mnisikilize.

Kile kigogo kikubwa kinachotawala ukumbi wa pili mmekisogeza kwenye kona, mgongo ukutani. Mtindo wa ujamaa, ambao Sangwani ndiye anayetajwa kuuanzisha, ni watu waliobebana: miguu ya huyu juu ya mabega ya yule, mzee chini, watoto juu, wakilizunguka gogo lote. Hauna mbele wala nyuma. Fundi anapouchonga analizunguka gogo siku nzima, analigeuza, analilaza, analisimamisha, na mtazamaji naye anatakiwa azunguke. Nilibana shavu kwenye ukuta nikachungulia. Niliona kichwa cha mama mwenye ndonya, lile pambo la mdomoni, mkono wa mtoto umeshika sikio lake, halafu giza. Nusu ya ukoo imefichwa. Ukumbi una nafasi katikati, kwa sababu siku ya ufunguzi mliweka hapo meza ya vinywaji, nimeona picha.

Tena taa mliyoiweka juu yake inamulika kutoka upande mmoja kwa ukali kiasi kwamba weupe wa mti, ule utando wa nje ambao fundi aliubakiza makusudi pembezoni mwa nguo za mama, unametameta mpaka unadhani ni rangi iliyochubuka. Jirani yangu kwenye msafara wa siku ile, mtu msomi kabisa, aliniuliza kwa nini hawakimalizii kupaka. Kama kibao kingemweleza mpingo ni mti wa namna gani, asingeuliza.

3. Lugha.

Vibao vyote ni vya Kiingereza. Kitabu cha maonesho ni cha Kiingereza na Kijerumani. Kiswahili nimekikuta sehemu mbili: kwenye kibao cha USIGUSE na kwenye mlango wa choo.

Mwaka 1994 Wajerumani walifanya maonesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania, Berlin na Munich. Kitabu chao kilibeba jina la Kiswahili jaladani, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Huko Munich waliona haja ya Kiswahili. Hapa kwetu, kilomita chache kutoka walikouzia mafundi wenyewe, haja hiyo haikuonekana. Sina zaidi la kusema kwenye hili, maana linajisema.

4. Mlango wenu umefungwa kwa namna nyingi.

Kiingilio ni shilingi 15,000, mtu mzima na mwanagenzi sawa, na mnalipwa kwa kadi ya benki tu. Mnafungua saa nne asubuhi na kufunga saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto anayefanya kibarua, mwambieni lini atakuja. Jumamosi na Jumapili, siku ambazo watu wana nafasi ya kuvaa vizuri na kutoka na watoto, mmefunga.

Nilipoleta wanagenzi wangu walikuwa wamevaa nguo za kutokea, ila vumbi la mpingo halitoki kwenye kucha. Mlinzi getini akauliza kadi ya mwaliko. Nikamwambia tumekuja kulipa. Akasema ngoja nipige simu ndani. Tulipokuwa tunasubiri juani, wakapita wageni wawili wa kizungu na kaptula zao, hawakuulizwa neno. Simlaumu kijana wa watu, anafanya alivyoelekezwa. Nawauliza nyinyi mliomwelekeza.

Ndani nako, mwanagenzi mmoja alitoa daftari na penseli achore mkao wa vidole vya kinyago. Akaambiwa kuchora ni marufuku kwa sababu ya hakimiliki. Nilishangaa sana. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya msanii hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na ni mali yake na ya warithi wake. Aliyenunua kinyago amenunua kinyago. Hakimiliki hakuinunua kwa kukiweka sebuleni. Ya Tingatinga imeshaisha muda wake. Ya Lilanga wanayo warithi wake. Kwa hiyo hakimiliki mnayoilinda dhidi ya penseli ya mtoto wa Mwenge ni ya nani hasa? Na kama mnaijali kiasi hicho, dukani kwenu mnauza vikombe vyenye chui na tausi wa mtindo wa Tingatinga, na chini vimeandikwa vimetengenezwa China.

5. Hamsemi kazi hizi zilitokaje nchini.

Hapa naomba tusichanganye mambo. Sehemu kubwa ya mlivyoazima iliuzwa na wenyewe waliotengeneza. Tingatinga aliuza mbao zake pale Morogoro Stores, Oysterbay, kwa bei ya kununulia unga, na mnunuzi akaondoka nazo mchana, hakuiba. Mafundi wa Mwenge tunauza hadi leo na tunafurahi tukiuza. Anayenunua kihalali na kutunza vizuri, mimi namshukuru. Sitaki nionekane kama nadai kila kilichovuka bahari kirudi.

Lakini katika ukumbi wa tatu kuna kigoda kirefu chenye mgongo wa sura ya mtu, kimeandikwa Unyamwezi, mwisho wa karne ya 19. Basi. Mwisho wa karne ya 19 Unyamwezi kulikuwa na vita. Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua ndani ya boma lake Januari 1893, Wajerumani walipolivunja. Sisemi kigoda hicho kilitoka huko, sijui na kibao hakinisaidii kujua. Nasema kiti cha namna hiyo hakikuwa bidhaa ya gulioni, na mwaka ule si mwaka wa kuuandika bila maelezo. Nani alikichukua, kwa nani, kikapitia mikononi mwa akina nani hadi kumfikia mwenye mkusanyo? Kama mnajua, andikeni. Kama naye hajui, hilo nalo liandikwe.

Pembeni yake kuna kinyago cha kuvaa usoni cha Kimakonde. Kwa hicho nina sababu ya pekee ya kuuliza. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa hapa Dar es Salaam wakaondoka na kinyago cha Kimakonde pamoja na vitu vingine. Mwaka uliofuata jumba la Barbier-Mueller la Geneva likakinunua kule Paris. Mwaka 1990 ikagundulika kuwa ndicho kilichoibwa, na mazungumzo yakachukua miaka ishirini. Kilirudishwa mwaka 2010. Kwa hiyo si uzushi kusema kwamba kitu kilichoibwa mjini hapa kinaweza kukaa kwenye kabati zuri la Ulaya kikiwa na kibao kizuri. Tanzania inayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964. Swali la kinyago kimetoka lini na kwa kibali gani ni swali la kisheria, wala si utovu wa adabu kwa mgeni.

Nchi hii imeshaona vitu vikirudi. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954, kutoka Bremen. Fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lilikaa Nairobi, likaletwa mwaka 1965. Mengine hayajarudi: yule dinosaria wa Tendaguru, aliyechimbwa kule Lindi kati ya 1909 na 1913 na wabeba mizigo wetu wakambeba vichwani hadi bandarini, bado amesimama Berlin. Watu wa Lindi wanamjua kwa picha. Ndiyo maana jambo la kuazima linatugusa pabaya tukiambiwa tusiulize.

Sasa najua mtakayosema, kwa sababu mengine nimeshaambiwa dirishani.

Mtasema masharti ni ya mwazimishaji. Masharti ya unyevu, bima, taa na ulinzi, sawa. Hakuna mwazimishaji anayekataza Kiswahili, na kama yupo, tunaomba mtuoneshe kifungu. Na kama kweli kuna kifungu kinachowakataza kurekebisha tarehe ya mtu aliyekufa, basi mliposaini mlisaini vibaya, na ni bora mseme hivyo. Kumasi kule Ghana, mwaka 2024, walipokea vitu 32 vya Waasante kwa kuazimwa na makumbusho mawili ya London kwa miaka mitatu. Wengi walikasirika, na kwa haki, kwamba mtu anaazimwa mali iliyotekwa kwa babu yake mwaka 1874. Lakini aliyekaa mezani kujadiliana ni upande wa Asantehene mwenyewe, mfalme wa Waasante. Hapa kwetu hakuna fundi wala mrithi hata mmoja aliyeitwa mezani.

Mtasema hakuna fedha. Karatasi ya kibao cha Kiswahili na mtu wa kutafsiri haviwezi kushinda gharama ya lile zulia jekundu la ufunguzi. Wapo walimu wa Kiswahili mjini hapa ambao wangeifanya kazi hiyo kwa kutajwa jina tu.

Mtasema watu wetu hawana mwamko wa makumbusho. Hili naomba mlifute kabisa midomoni. Nendeni Kijiji cha Makumbusho siku za utamaduni, wakati jamii moja inapoonesha ngoma na vyakula vyake, muone watu wanavyosongamana kutoka barabara ya Bagamoyo. Benin iliporudishiwa vitu 26 na Ufaransa mwaka 2021 na kuvionesha Cotonou mwaka uliofuata, watu walipanga foleni juani kwa makundi. Mwafrika hana tatizo la kupenda vya kwao. Ana tatizo la mlinzi anayemuuliza kadi ya mwaliko.

Na mtasema, hili hamtaliandika ila mtalinong'ona, kwamba nikipiga kelele mwenye mkusanyo ataogopa, hataazimisha tena. Mtu anayependa kazi ya fundi kweli hawezi kuogopa kuambiwa jina la fundi. Thamani ya mali yake inapanda. Ni yule chui wa 1974 tu ndiye anayeweza kupata hasara, na huyo ni vizuri apate.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo yafanyike kabla maonesho hayajafungwa:

(a) Muitishe kikao kimoja, ndani ya ukumbi na mbele ya kazi zenyewe, cha wazee wa Mwenge, wachoraji wa kundi la Tingatinga na wataalamu mtakaowachagua nyinyi. Kila jina au tarehe itakayopatikana iandikwe, na aliyeitoa atajwe. Pasipo uhakika, iandikwe kwamba ni kauli ya fulani.

(b) Kibao cha mwaka 1974 kiondolewe leo. Hiki hakihitaji kikao.

(c) Vibao vya Kiswahili vibandikwe kwa kila kazi, kwa maandishi ya ukubwa uleule na juu, si kwenye karatasi ya kuomba mapokezi.

(d) Kigogo cha ujamaa kiwekwe katikati ya ukumbi.

(e) Jumamosi na Jumapili mfungue. Wanafunzi na wanagenzi waingie bure, wengine walipe kiasi kinacholipika, na pesa taslimu au ya simu ipokelewe. Penseli iruhusiwe.

(f) Kwa kila kazi ya kabla ya uhuru, na kwa vinyago vyote vya kuvaa, mtangaze ukutani historia ya umiliki kama mwenye mkusanyo alivyowapa. Nakala ya mkataba wa kuazimana, hata mkifunika kiasi cha bima kwa sababu za usalama, iwekwe mahali mwananchi anaweza kuisoma.

(g) Orodha yenye majina yaliyosahihishwa isafiri pamoja na kazi zikirudi Ulaya, na mwenye mkusanyo asaini kuipokea.

Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka kuliko yote. Maonesho yatafungwa na ukumbi utapangishwa kwa harusi. Lakini yule shemeji wa mzee wetu, akiondoka hapa bado anaitwa asiyejulikana, hatapata tena nafasi ya kupita karibu na watu wanaomjua. Na wanaomjua ni wazee. Mwaka jana tu tumezika wawili.

Nipo tayari kuja ofisini mtakaponiita, na barua hii nitaiongezea maelezo ya kazi moja moja, pamoja na picha ya kule kwenye gundi. Wazee nao nimeshazungumza nao. Wako tayari siku yoyote ila Ijumaa mchana kwa ajili ya swala, na mmoja hawezi ngazi, kwa hiyo mtufungulie mlango wa nyuma wa kupitishia mizigo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchongaji na mwalimu wa wanagenzi,
Mwenge, Dar es Salaam.

Nakala: Wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa, wachongaji na wachoraji wenzangu, mwenye mkusanyo, kwa kupitia kwenu.